Video ya nyumbani ukiirudisha kwenye diski ya RW: dalili, sababu na tiba

Karibu kila anayekwama hapa huanza kwa kuilaumu diski. "Hizi RW ni feki." Feki zipo, tena nyingi, lakini kwenye kazi ya kurudisha video iliyohaririwa kwenye DVD-RW au DVD+RW, yaani diski zinazofutika na kuandikwa upya, diski husingiziwa kuliko inavyokosea. Kazi yenyewe ina hatua tatu, na watu huziona kama moja kwa sababu programu nyingi huzimaliza kwa kubofya mara moja. Kwanza unahariri na kutoa faili, kwa kawaida MP4. Pili faili hilo linageuzwa kuwa DVD-Video: picha inakuwa MPEG-2 (mfumo wa video wa DVD), na unapata folda iitwayo VIDEO_TS yenye mafaili ya IFO, BUP na VOB. Tatu, folda hiyo inachomwa, yaani inaandikwa kwa leza, kwenye diski. Kasoro inaweza kuingilia hatua yoyote, na tiba ya hatua moja haisaidii nyingine.

Kwa hiyo kabla hujatoka kwenda kununua diski nyingine, fanya jaribio hili. Iambie programu yako iishie kwenye folda au faili la ISO (faili moja lenye nakala kamili ya diski) bila kuchoma. DVDStyler na DVD Flick, ambazo ni za bure, zote zinaruhusu. Fungua matokeo kwa kicheza video cha VLC, utazame mwanzo, katikati na mwisho. Kasoro ikiwa tayari imo humo, hakuna diski ya bei yoyote itakayoiponya. Rudi kwenye uhariri au mipangilio. Folda ikiwa safi lakini diski ikacheza vibaya kwenye kompyuta ileile, tatizo liko kwenye uchomaji: diski, draivu au kasi. Na kama folda ni safi, diski nayo inacheza vizuri kwenye kompyuta, ila deki ya sebuleni inagoma, basi deki na diski hazielewani.

Jambo jingine la kutangulia, nalo ndilo linaloliza watu. Kama diski unayotaka kuirudishia video ndiyo ileile yenye picha za asili, usiifute kwanza. Nakili kila kitu kwenye kompyuta, weka nakala ya pili kwenye diski kuu ya nje (hard disk), fungua nakala zote mbili uone zinacheza hadi mwisho. Ndipo ufute.

## Kompyuta inacheza, deki inasema hakuna diski

Deki inazungusha, inazungusha, kisha inaandika NO DISC au BAD DISC. Hii ndiyo dalili inayoongoza.

Sababu ya kwanza, na inazizidi nyingine zote: umechoma data badala ya DVD-Video. Faili la MP4 limeburutwa kwenye diski, likachomwa, na kompyuta inalifungua bila shida kwa kuwa kompyuta inajua kufungua MP4. Windows huuliza ukiweka diski tupu: itumike kama flashi, au kwa kichezaji cha CD na DVD? Ukichagua kama flashi, deki nyingi hazitaisoma kabisa. Lakini hata ukichagua la pili kisha ukaweka MP4, bado umetengeneza diski ya data tu. Hakikisha hivi: fungua diski kwenye kompyuta. Ukiona VIDEO_TS, uko salama. Ukiona "harusi mwisho kabisa.mp4", umeruka hatua ya pili. Zipo deki zinazosoma mafaili ya AVI au hata MP4, hasa zile zenye tundu la USB, ila usimpe mtu diski kwa kutegemea bahati hiyo.

Inayofuata ni ndugu yake: VIDEO_TS ipo, lakini imefichwa ndani ya folda nyingine, mathalani "Harusi ya Dada" na ndani yake ndiyo VIDEO_TS. Deki haiendi kutafuta. Folda hiyo lazima iwe juu kabisa, ionekane mara tu unapofungua diski. Ukitumia programu ya kuchomea ya ImgBurn kwa kuipa folda ya VIDEO_TS, yenyewe itaitambua na kuipanga inavyotakiwa. Folda ya AUDIO_TS iliyo kando yake ikiwa tupu isikusumbue, ndivyo ilivyo.

Sababu ya tatu: diski haijafungwa. Hii inawahusu waliorekodi kwa mashine ya kurekodi DVD ya sebuleni au kamera ya diski. Hadi ifungwe, kwa kitufe au menyu ya Finalize, kwa kawaida inasomeka kwenye mashine iliyoirekodi peke yake. Ifunge kwenye mashine ileile.

Ya nne ndipo tunafika kwenye diski yenyewe. DVD ya dukani iliyochapwa kiwandani inarudisha mwanga mwingi wa leza. Diski ya RW inarudisha sehemu ndogo tu, takriban asilimia 18 hadi 30, kwa sababu tabaka lake ni la metali inayobadili hali kwa joto, wakati DVD-R hutumia rangi. Deki za zamani zilipoona mwanga hafifu namna hiyo zilidhani zimewekewa diski ya tabaka mbili, zikachanganyikiwa. Jaribu diski kwenye deki nyingine mbili za majirani. Zikicheza, deki yako haitaki RW, na hilo halina tiba ya programu kwa DVD-RW. Kwa DVD+RW kuna njia: baadhi ya draivu huruhusu kubadili alama ya aina ya diski ijitambulishe kama DVD-ROM, na ImgBurn ina mahali pa kufanya hivyo. Draivu yako ikikubali, jaribu.

Maoni yangu hapa ni mafupi: RW ni ya majaribio. Ichome, itazame kwenye runinga, ona menyu zinafanya kazi, rekebisha, futa, choma tena. Ukiridhika, nakala ya kumpelekea bibi ichome kwenye DVD-R kutoka folda ileile. Utaokoa simu nyingi za "mjukuu wangu, haionyeshi."

Mwisho, lenzi ya deki imechoka. Dalili yake ina mpangilio: diski za dukani zinacheza, DVD-R zinakwama-kwama, RW hazisomeki kabisa. Diski maalumu ya kusafisha lenzi inaweza kusaidia kama ni vumbi. Isiposaidia, acha hapo. Kuna skrubu ndogo kwenye kichwa cha leza inayopandisha nguvu yake, na video za kufundisha kuizungusha zimejaa mtandaoni. Usiiguse. Inaweza kuiunguza leza moja kwa moja, na leza ya deki iliyofunguliwa ni hatari kwa macho. Hiyo kazi ni ya fundi, na mara nyingi fundi mwaminifu atakwambia deki nyingine ni nafuu.

## Programu inakataa kuanza: "weka diski tupu"

Diski umeiweka, programu inakwambia weka diski.

Angalia kwanza maandishi kwenye mlango wa draivu. Laptopu nyingi za zamani zilikuja na draivu ya mchanganyiko: inasoma DVD lakini inachoma CD tu. Ikiwa imeandikwa "DVD/CD-RW", hapo hakuna DVD itakayochomwa hata ufanye nini. Unahitaji iliyoandikwa DVD RW, DVD±RW au Multi. Geuza na diski pia usome: CD-RW ya megabaiti 700 inafanana sana na DVD-RW ikiwa nje ya kasha lake.

Kama draivu na diski ni sahihi, huenda diski ina kitu ndani na haijafutwa. DVD-RW lazima ifutwe kabla ya kuandikwa upya. DVD+RW haihitaji kufutwa. Inaandikwa juu kwa juu, na programu ikidai ifutwe ni kwamba haijaitambua vizuri, au diski iliwahi kutumika "kama flashi" na Windows imeishikilia. Funga madirisha yote yanayoitazama diski, itoe, irudishe. Ikikataa bado, ifute kwa ImgBurn badala ya Windows.

Kufuta kuko kwa namna mbili, na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Kufuta haraka kunafuta orodha ya yaliyomo tu na huchukua kama dakika moja. Kufuta kabisa kunapita diski nzima na huchukua muda kama wa kuichoma. DVD-RW iliyofutwa haraka inakubali kuandikwa kwa mkupuo mmoja tu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Programu ikitaka kuandika vipande vipande itakataa, na ujumbe utakaotoa hautaeleza chochote cha maana. Kwa hiyo diski ikigoma baada ya kufutwa haraka, ifute kabisa kabla hujaitupa.

Sababu nyingine ni ukubwa. Diski imeandikwa 4.7 GB, kompyuta inasema ina 4.37. Hakuna aliyekuibia: kiwanda kinahesabu gigabaiti kwa bilioni, Windows inahesabu kwa mafungu ya 1,024. Folda ikifika 4.4 kwa hesabu ya Windows, haiingii. Diski ndogo za kamera, zile za sentimita 8, zinabeba 1.4 GB.

Wapo pia wanaohamisha ISO kwa flashi kutoka kompyuta ya kuhariria kwenda ya kuchomea, na flashi inasema haina nafasi ilhali ina gigabaiti 16 tupu. Flashi imefomatiwa FAT32, ambayo haibebi faili moja linalozidi gigabaiti 4. Ifomati upya kwa exFAT au NTFS, baada ya kutoa vilivyomo.

## Uchomaji unaanza kisha unakatika

Unafika asilimia 12, au 60, kisha kosa. Ujumbe unaoonekana sana ni "Power Calibration Area Error" na "Write Error".

Anza na diski. Ishike kwa kingo, itazame kwenye mwanga. Alama ya kidole gumba chenye mafuta ya kupikia inatosha kukata kazi. Futa kwa kitambaa laini kikavu kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka, usizungushe.

Kisha kasi. Programu nyingi huchagua ya juu kabisa. Diski ya RW ina kasi zake zilizoandikwa: DVD-RW nyingi ni 2x, 4x au 6x (yaani mara mbili, nne au sita ya kasi ya msingi), DVD+RW huanzia 2.4x hadi 8x. Chagua ya katikati ya zile ambazo diski yako inazitaja. Usiende chini kupita kiasi ukidhani pole pole ndiyo salama zaidi. Draivu mpya kwa diski ya 4x ikilazimishwa kwenda chini sana wakati mwingine inaandika vibaya. Kwa 4x diski iliyojaa inachukua kama dakika 15, kwa 2x kama nusu saa, na uhakiki (programu kusoma tena ilichoandika) unaongeza hapo. Uhakiki usiuruke.

Kwa draivu ya nje ya USB, mshukiwa mkubwa ni umeme. Tundu la USB 2.0 limekadiriwa kutoa miliampea 500, na leza inapoandika mzigo unaweza kupita hapo. Draivu inazima kwa nukta moja, inawaka tena, kazi imeharibika. Ichomeke moja kwa moja kwenye laptopu, bila kupitia kigawanyaji cha USB, kwa waya mfupi uliokuja nayo. Ikiwa na waya wa vichwa viwili, tumia vyote viwili. Laptopu iwe kwenye chaji, na uizuie isilale. Watu huanza kuchoma, wanakwenda kula, laptopu inasinzia dakika ya kumi.

Umeme wa nyumbani ukikatika katikati, kompyuta ya mezani bila UPS (betri ya akiba) itapoteza kazi. Hapa ndipo RW inalipa gharama yake: DVD-R iliyokatika ni ya kutupa, RW unaifuta kabisa na kuanza tena. Isipofutika kwa Windows, jaribu ImgBurn, na isipofutika huko jaribu draivu nyingine kabla hujaikatia tamaa.

Diski ikikata mahali palepale kila mara, huku nyingine mpya zikikubali, imechoka. Kwenye karatasi RW inafutwa na kuandikwa takriban mara 1,000. Nyumbani haifi kwa idadi hiyo. Mikwaruzo, vumbi na jua la kwenye dashibodi ya gari huwahi kuimaliza. Na kama diski mpya za aina mbili tofauti zote zinakata, leza ya draivu ndiyo imechoka. Draivu ya laptopu haitengenezwi, inabadilishwa. Usiifungue: leza ya kuchomea ina nguvu kuliko ya deki, na maandishi ya "Class 1" kwenye kasha lake yanasema ni salama ikiwa imefungwa.

## Inacheza vizuri, kisha inaganda

Uliza kwanza: inaganda mahali palepale kila mara au popote?

Popote, na hasa kuelekea mwisho: diski au deki. DVD inaandikwa kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo mwisho wa sherehe uko ukingoni, ambako vidole vinashika na diski inayumba zaidi. Stika ya karatasi iliyobandikwa juu inazidisha kuyumba. Usiibandike, andika kwa kalamu laini ya kuandikia diski. Safisha, choma tena kwa kasi ndogo kidogo, jaribu deki ya pili.

Palepale kila mara: angalia folda kwa VLC. Kama nayo inasita hapo, hatua ya pili ilikwenda vibaya. Kama folda ni safi, kuna mkwaruzo, au umebana data nyingi mno kwa sekunde. Hili la pili linastahili hesabu, kwa sababu ndilo linalotofautisha DVD inayocheza kila mahali na inayocheza kwako tu.

DVD-Video inaruhusu picha hadi megabiti 9.8 kwa sekunde. Kanuni inaruhusu, lakini RW kwenye deki iliyochoka haiwezi kumeza kasi hiyo bila kukwama. Weka kikomo cha juu 8. Wastani wake unatokana na urefu wa video. Diski nzima ina megabiti 37,600 hivi. Saa mbili ni sekunde 7,200; gawanya, unapata 5.2, toa sauti na akiba kidogo, weka picha 4.8. Dakika 90 zinakupa karibu 6.5. Saa moja usiende juu ya 8 ingawa nafasi ipo. Saa tatu zinakuacha na 3.2 hivi, na kwa kiwango hicho mtu akicheza mduara chini ya taa za rangi, picha itavunjika vigaevigae. Harusi ya saa tatu igawe diski mbili: kanisani au nikahi moja, ukumbini nyingine. Wenye harusi hawalalamiki wakipewa diski mbili, wanalalamika wakiona uso wa bibi harusi umekuwa matofali.

## Sauti na midomo vinaachana

Tazama dakika ya kwanza, kisha dakika ya mwisho. Kama tofauti ni ileile mwanzo hadi mwisho, sauti imechelewa au imetangulia kwa kiasi fulani. Isogeze kwenye programu ya kuhariria, kazi imekwisha.

Kama inaanza sawa na kuachana taratibu hadi mchungaji anasema "amina" mdomo wake ukiwa umefungwa, sababu ya kawaida siku hizi ni simu. Simu hazirekodi fremu (zile picha moja moja zinazounda video) kwa idadi thabiti. Zinapanda na kushuka kadiri ya mwanga: 30 kwa sekunde kwenye jua, chini ya hapo ukumbini gizani. DVD ya PAL, mfumo wa runinga wa kwetu, inataka fremu 25 kamili kila sekunde, na programu ya kuhariria ikidhani video ya simu ni 30 muda wote, kosa linajikusanya. Tiba ifanyike kabla ya kuhariri: pitisha kila kipande cha simu kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, chagua fremu thabiti, 25. Vipande vilivyokuja kwa WhatsApp ndivyo korofi zaidi, tena vimeshabanwa ubora. Mwombe aliyepiga akupe faili la asili kwa flashi.

Baada ya hapo angalia sauti. DVD inataka sauti ya kilohezi 48. Muziki uliochukuliwa kwenye CD au MP3 ni 44.1. Programu nzuri inabadili yenyewe, nyingine inaharibu. Weka mradi mzima kuwa 48 tangu mwanzo.

Waliohamisha kanda za VHS wana sababu ya ziada: kanda iliyochakaa inaangusha fremu wakati wa kunasa, na sauti haianguki nayo. Programu ya kunasa huonyesha idadi ya fremu zilizoanguka. Ikipanda, funga programu nyingine zote, nasa kwenye diski kuu ya ndani ya kompyuta badala ya flashi, safisha vichwa vya deki ya kanda. Kanda yenye ukungu mweupe usiiingize kwenye deki hata mara moja. Ukungu unaambukiza vichwa na kanda nyingine. Hiyo mpelekee mtu mwenye vifaa vya kusafishia kanda.

## Picha ina sura ya ajabu

Watu wamekuwa wembamba au wafupi: uwiano umekosewa. Video ya kisasa ni 16:9, ya kanda na kamera za zamani ni 4:3. DVD ya PAL huzihifadhi zote mbili kwenye nukta za picha (pikseli) 720 kwa 576, na kuna alama ndani inayomwambia deki anyooshe vipi. Weka alama hiyo kwenye programu ya hatua ya pili. Kama imewekwa sawa na bado picha imebanwa, tatizo ni mpangilio wa runinga kwenye menyu ya deki.

Mistari kama kitana inayoonekana mtu anapopunga mkono, au mwendo unaotetemeka mbele na nyuma: picha ya zamani ilijengwa kwa nusu mbili zinazopishana, mistari ya shufwa na ya witiri, na umezipanga kinyume. Kanda za DV huanza na nusu ya chini. Kamera za HD huanza na ya juu. Badili mpangilio huo kwenye programu, tengeneza dakika moja tu, ichome kwenye RW, itazame kwenye runinga. Usiamue kwa kutazama kompyuta, kwa kuwa kompyuta inaficha kosa hili.

Nyeusi na nyeupe, au picha inayoviringika: PAL na NTSC zimegongana. Tanzania, Kenya, Uganda na Omani ni PAL, 720 kwa 576 na fremu 25. Marekani na Kanada ni NTSC, 720 kwa 480 na fremu 29.97. Deki zetu nyingi husoma zote mbili, lakini deki nyingi za Marekani husoma NTSC tu. Ukimtumia shangazi aliyeko Minnesota diski ya PAL ataona kioo cheusi au tangazo la kosa. Tengeneza toleo la NTSC kutoka mradi wa kuhariri, au mtumie MP4 na umalize habari.

Majina yamekatwa pembeni: runinga hukata ukingo wa picha. Acha nafasi ya asilimia 10 kila upande.

## Diski iliyotoka kwenye kamera au mashine ya kurekodi

Hapa ndipo kumbukumbu za familia hupotelea, kwa hiyo soma taratibu.

Ukiweka diski hiyo kwenye kompyuta huenda usione VIDEO_TS bali DVD_RTAV, na ndani yake VR_MOVIE.VRO. Hiyo ni DVD-RW iliyorekodiwa kwa mtindo wa VR, unaoruhusu kufuta na kukata vipande kwenye mashine yenyewe. VRO ni MPEG-2 ya kawaida: nakili kwenye kompyuta, VLC itaifungua, na programu nyingi za kuhariri zitaikubali ukibadili mwisho wa jina uwe .mpg. Vipande vyote vimeunganishwa humo kama kimoja, utavikata mwenyewe.

Ukiweka diski na kompyuta inasema ni tupu, au inauliza kama unataka kuifomati, kataa. Diski haijafungwa, si tupu. Irudishe kwenye kamera iliyoirekodi, chaji betri ijae, chomeka na chaja, kisha ifunge. Kamera ikiwa imekufa, programu ya kuokoa data iitwayo IsoBuster inaweza kusoma diski zisizofungwa kupitia draivu ya kompyuta, ingawa si kila draivu inakubali kuziona. Jaribu draivu mbili au tatu. Na kamera yenyewe ikikuuliza kama unataka kufomati diski yenye picha za mazishi ya mzee, zima kamera. Picha ambazo hazina nakala nyingine, na draivu tatu zimeshindwa, mpelekee mtaalamu wa kuokoa data. Kila jaribio la kubahatisha lina nafasi ya kuandika juu ya ulichotaka kuokoa.

Ukishahariri na kurudisha video kwenye diski ileile, kamera inaweza kukataa kuicheza au kuiongezea. Ni kawaida: umeirudisha kama DVD-Video iliyofungwa na kamera inatafuta mpangilio wake. Itazame kwenye deki. Ukitaka kurekodia tena, ifomati ndani ya kamera.

Diski ya sentimita 8 usiiingize kwenye draivu inayomeza diski bila trei. Haitarudi.

## Trei haifunguki, diski iko ndani

Draivu ya kompyuta ina tundu dogo la sindano mbele. Zima kompyuta kabisa, ingiza ncha ya kibanio cha karatasi kilichonyooshwa, sukuma kwa unyoofu hadi usikie trei inaachia, kisha ivute kwa kidole. Kama haijaachia kwa msukumo wa kawaida, usilazimishe. Gia za ndani ni za plastiki.

Deki na mashine ya kurekodi ya sebuleni ni habari nyingine, maana ndani yake mna umeme wa volti 230 na kapasita zinazobaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya. Ichomoe, iache dakika kumi, ichomeke tena na ubonyeze kitufe cha kufungua kabla haijaanza kusoma diski. Mara nyingi hiyo inatosha. Ukisikia harufu ya kuungua, au inazima yenyewe kila ukiiwasha, chomoa ukutani na uipeleke kwa fundi bila kufungua mfuniko. Akishaifungua, mwombe akutolee diski kwanza, kabla hajaanza kukueleza bei ya lenzi.